Jina Shingoni, Picha Iko Wapi?

Siku hizi kijana mpiga picha akikutana na wenzake, haulizwi "umepiga nini?" Anaulizwa "unatumia nini?" Akitaja jina kubwa, vichwa vinatikiswa kwa heshima. Akitaja jina dogo, anaambiwa "si mbaya, utafika tu," kwa sauti ile ile tunayompa pole mfiwa. Picha zenyewe bado zimo mkobani. Hakuna aliyeziona, na hukumu imeshatoka.

Mimi si mpiga picha. Najua yupo atakayenikata kauli: wewe mwenye kalamu ya shilingi mia tano, habari za kamera za mamilioni zinakuhusu nini? Zinanihusu, tena sana. Kutazama kitu na kueleza kilivyo ni kazi ya mhakiki, na kwa upande wa picha kazi hiyo haifanywi. Hoja yangu naiweka mezani mapema, msomaji usije ukasema nimekuzungusha: jina la kamera limenenepa mno miongoni mwetu vijana kwa sababu hatuna watu wanaozisoma picha. Kiti cha mhakiki kiko wazi, jina limekuja kukikalia.

Tuanze kwa kulitendea haki jina, maana si kila anayelifuata ni limbukeni. Kamera ya lensi za kubadilisha ina mdomo, na kila kampuni ina mdomo wake. Lensi ya Nikon haiingii kwenye bodi ya Canon hivi hivi. Kwa hiyo anayenunua bodi ya kwanza ni kama anayeoa: hajachukua mtu mmoja, kachukua ukoo mzima. Mwaka 1987 Canon walipoleta mfumo wa EOS walibadilisha mdomo, na waliokuwa na lensi za zamani wakabaki wanazitazama. Nikon wao, mdomo waliouanza na kamera ya Nikon F mwaka 1959 waliuendeleza kwa miongo mingi. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zikaleta midomo mipya kwa ajili ya kamera zisizo na kioo ndani, na hesabu zikaanza upya.

Sasa, kijana wa Sinza ambaye washikaji zake wote wana Canon, akinunua Canon amefanya akili. Jumamosi akiwa na harusi ataazima lensi kwa huyu, betri kwa yule. Fundi wa Kariakoo anaijua, vipuri vinapatikana, na shida ikibisha hodi ataiuza bila kuhangaika. Hiyo ni hesabu ya mtu mzima, siigusi. Ninachokigusa ni pale jina linapoacha kuwa chombo cha kazi na kuwa cheti.

Limefikaje huko? Kwa maoni yangu, mlango ulifunguliwa na simu. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, zinaonyesha kuwa mwaka 2010 kampuni zilizo katika hesabu zake zilipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika hata milioni 8. Watu hawakuacha kupiga picha, jamani. Waliacha kubeba kamera. Zamani mwenye kamera alikuwa mtu anayetaka picha. Leo picha kila mtu anazo mfukoni. Anayenunua kamera leo ananunua picha, ndiyo, lakini ananunua pia kutofautishwa na yule shangazi aliyesimama kando yake na simu mkononi. Kamera imekuwa sare. Na sare, kama ujuavyo, watu huanza kuisoma kwenye cheo cha begani.

Ndiyo maana ukitazama shingo za vijana wetu kwenye shughuli utaona maandishi kabla ya kuona kamera. Mshipi umeandikwa jina kwa herufi za kusomeka toka geti la ukumbi. Nimeona kamera ya jina moja imevalishwa mshipi wa jina jingine, kama mtu aliyeazima koti la kaka yake siku ya usaili. Nimeona pia jina dogo limezibwa kwa utepe mweusi, mwenyewe akidai eti ni kwa usalama wa mitaani. Kheri yake. Ila sijaona bado jina kubwa likizibwa kwa usalama huo.

Nenda basi kwenye kikao cha kamati ya harusi. Mwenyekiti ni mtu wa hesabu. Albamu ya mpiga picha anaipitisha kwa kidole kama anayehesabu noti, kisha anauliza: "Kijana, mna kamera gani?" Usimlaumu. Anakwenda kulipa fedha za michango ya watu, na katika albamu tatu alizoletewa hakuna aliyewahi kumwonyesha aangalie nini. Maharusi wote wamesimama vilevile, wote wanacheka. Jina ndilo pekee lenye maandishi, na yeye maandishi anayajua.

Ninamfahamu kijana mmoja wa Temeke aliyeujua ugonjwa huo akautafutia dawa yake mwenyewe. Kila Jumamosi yenye harusi anakodi bodi kubwa yenye lensi nyeupe, anaivaa shingoni, anaingia nayo kifua mbele mbele ya wanakamati. Wakishamwona, anachomoa mkobani kamera yake ndogo ya mtumba, ya jina lisilo na heshima, ambayo vitufe vyake anavijua kama mtu ajuavyo swichi za nyumbani kwao gizani. Picha zote za maana anazipiga kwa hiyo ndogo. Ile kubwa ni ya maonyesho.

Albamu yake moja niliitazama nikiwa na mama wa bwana harusi. Mama aliipenda kweli. Alipofika kwenye picha yake mwenyewe akimshika mwanawe shavu, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ndiyo raha ya kamera kubwa hiyo." Kijana alikuwa hapo hapo. Akajibu, "Asante, mama."

Hebu tazama kilichopotea hapo. Kwanza fedha: nusu ya malipo ya awali ilikwenda kukodi sare. Lakini fedha hutafutwa zikapatikana. Hasara kubwa ni ile sifa. Jicho la kijana ndilo lililoona mkono wa mama ukiinuka, likangoja, likabonyeza kabla mama hajajikaza akawa mwenyekiti wa sherehe tena. Sifa ikaenda kwa kamera iliyokuwa inaning'inia tu. Kesho akitaka kupandisha bei atasemaje? "Nalipisha jicho langu"? Soko limeshaambiwa kwamba kinacholipiwa ni chuma, na yeye ameitikia asante.

Hiyo lensi nyeupe nayo ina historia yake ya kuchekesha. Canon huzipaka rangi hiyo lensi zao kubwa za kuvuta mbali, na sababu wanayoitoa ni ya kifundi: nyeupe haishiki joto la jua kama nyeusi, na vioo vya ndani havipendi joto. Ni mwavuli tu, kwa maneno mengine. Lakini kwa sababu zilionekana kwa wingi pembezoni mwa viwanja vya michezo duniani, mikononi mwa watu wa magazeti makubwa, mtaani kwetu mwavuli umegeuka kilemba. Na kilemba peke yake, wazee walishasema, hakimpi mtu ushehe.

Kama jina lingekuwa ni ubora mtupu, kisa cha mwaka 2018 kisingewezekana. Mwaka huo Panasonic walitoa kamera ndogo, Lumix LX100 II, kwa bei ya karibu dola 1,000 huko Marekani. Mwaka huo huo Leica wakatoa D-Lux 7, karibu dola 1,200. Zilikuwa pacha. Lensi ile ile, kihisio kile kile, yaani ile sahani ndogo inayopokea mwanga mahali pa filamu. Kampuni hizi mbili zina ushirikiano wa miaka mingi, wala haikuwa siri. Tofauti zilikuwa ndogo ndogo za umbo na programu, pamoja na ile nukta nyekundu ya Leica pale mbele. Dola zipatazo 200 kwa nukta! Nao wanaobishana kijiweni usiku kucha, huyu Sony, huyu Nikon, wakumbuke kuwa Sony hutengeneza vihisio vinavyoingia kwenye kamera za wapinzani wake, Nikon wakiwamo. Mnagombania majina ya mashati, kitambaa kimetoka kiwanda kimoja.

Na nukta hiyo ina kichekesho cha pili. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyeipa Leica sifa kubwa kuliko tangazo lolote, alikuwa akizifunika kwa utepe mweusi sehemu zinazong'aa za kamera yake ili watu wasimgundue akiwapiga. Yaani aliyelijenga jina alikuwa anaificha kamera yenyewe. Leica walilijua hilo. Mwaka 2018 walitoa M10-P, yenye shata tulivu zaidi na isiyo na nukta nyekundu mbele, kwa bei iliyoizidi M10 ya kawaida. Kwa hiyo pana watu wanaolipa zaidi ili jina lionekane, na wengine wanaolipa zaidi bado ili lisionekane, mradi wanaojua wajue. Kote kuwili jina ndilo linalokula.

Sisemi majina haya yalitoka hewani. Yaliundwa, na yaliundwa na kazi. Mwaka 1950 mpiga picha wa jarida la Life, David Douglas Duncan, akiwa Tokyo, alikutana na lensi za Nikkor za kampuni iliyotengeneza Nikon. Zama hizo bidhaa za Japani zilidharauliwa sana huko Magharibi. Zilikuwa ndizo "feki" za wakati wake. Duncan akazitazama picha zake kwanza, akaona ncha zake kali, akazifunga lensi hizo kwenye bodi za Leica, na vita vya Korea vilipoanza Juni ya mwaka huo akaenda nazo. Wenzake nao wakaanza kuzitafuta. Angalia mpangilio ulivyokwenda: picha kwanza, jina baadaye. Sisi tumeugeuza. Tunataka jina kwanza, picha ije ikipenda.

Kwa upande wetu huku, mfano hauko mbali. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 akakulia Dar es Salaam. Kamera yake ya kwanza alipokuwa mtoto ilikuwa Box Brownie ya mtumba, kijisanduku cha Kodak cha ukoo ule ulioanza mwaka 1900 kwa bei ya dola 1, wakilengwa hasa watoto. Kampuni yake ya Camerapix aliianzisha hapa Dar mwaka 1963. Oktoba 1984 alikwenda Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, akarekodi njaa ile iliyozifanya nchi tajiri ziache kula kwa dakika chache na kutazama. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto. Akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996 katika ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotekwa ikaanguka karibu na Komoro. Nimesikia watu wengi wakiisimulia Korem. Sijamsikia hata mmoja akianza na jina la kamera.

Hayo majina pia hufa, au hufa nusu. Kodak ni neno alilolitunga George Eastman mwaka 1888. Halina maana yoyote, mwenyewe aliipenda tu herufi K. Kwa karibu karne nzima likawa ndilo jina la picha yenyewe. Mwaka 2012 kampuni ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Tangu 2013 kamera ndogo za PixPro zilizoandikwa Kodak zinauzwa na kampuni nyingine, JK Imaging, iliyolikodi jina. Umeona? Hata jina lenyewe hukodishwa, kama ile bodi ya kijana wa Temeke.

Wala usidhani ugonjwa huu ni wa uswahilini peke yake, kwamba wenzetu ng'ambo wao wanajua. Fujifilm X100V ilitoka mwaka 2020, bei karibu dola 1,400, ikawa kamera nzuri ya watu wachache. Mwaka 2022 vijana wakaipandisha kwenye TikTok. Maduka yakaishiwa, na ya mtumba ikawa inauzwa ghali kuliko mpya. Kamera ilikuwa ile ile ya miaka miwili nyuma, haikuongezewa hata skrubu. Kilichoongezeka ni macho ya kuitazama. Namwelewa kijana wa London aliyeitaka kwa sababu ya rangi zake, maana Fujifilm waliziweka humo rangi zenye majina ya filamu zao za zamani kama Velvia, iliyotoka mwaka 1990. Kachoshwa na picha za simu zinazofanana kama maandazi ya kiwandani. Hamu yake ni ya kweli. Lakini amekwenda kununua utofauti kwenye foleni moja na wenzake elfu, na wote wametoka na rangi ile ile.

Hapo kwenye rangi naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo jambo hili linapoacha kuwa mzaha. Kwa miongo mingi maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Waliziita kadi za Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, basi mashine imekaa sawa. Nyuso zetu sisi zikatoka jinsi zilivyotoka. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kuwa miongoni mwa waliolalamika hadi kampuni ikajitahidi kuziboresha rangi za kahawia walikuwa wenye viwanda vya chokoleti na samani. Chokoleti na mbao! Siku hizi mambo ni bora zaidi, sikatai. Lakini funzo linabaki: jina kubwa halimaanishi kwamba limejifunza kuuona uso wako. Kijana wa Dar es Salaam mwenye akili angechukua kamera anayofikiria kuinunua, akampige bibi yake barazani saa saba mchana, kisha ampige tena ndani chini ya taa ya tyubu, aone kama ngozi inabaki ngozi au inageuka majivu. Jaribio hilo ni bure. Sijasikia likijadiliwa kijiweni. Kinachojadiliwa ni jina.

Au chukua hesabu nyingine ndogo, ya mwanga. Kamera nyingi za bei nafuu huuzwa na lensi ya milimita 18 hadi 55, ambayo ikivutwa hadi mwisho tundu lake haliwezi kufunguka kupita namba 5.6. Kampuni zote kubwa zina lensi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, na huwa miongoni mwa lensi za bei ya chini kabisa katika orodha zao. Tundu la 1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya lile la 5.6. Mara kumi! Kwa kanisa lenye taa mbili na ukumbi wenye balbu za rangi, hiyo ndiyo tofauti ya sura na ukungu. Lakini mwambie kijana aache kukopa kwa ajili ya bodi yenye jina, anunue kioo hicho kidogo cha plastiki akifunge kwenye bodi aliyonayo. Atakutazama kama umemtukana. Kioo hakionekani toka geti la ukumbi. Halafu picha zikitoka na giza, atasema ni bodi. Mbaazi akikosa maua husingizia jua.

Sasa nirudi kwenye kiti kilicho wazi. Nilisema jina limekikalia kwa sababu hatuna wanaozisoma picha. Kuisoma picha ni kufanyaje? Nitajaribu, ili nisiwe mtu wa kulaumu tu.

Seydou Keïta wa Bamako alipewa kamera yake ya kwanza, Brownie, na mjomba wake mwaka 1935. Mwaka 1948 akafungua studio. Iko picha yake mashuhuri ya kijana aliyevaa suti nyeupe, miwani mizito usoni, kalamu mfukoni, na mkononi ameshika ua moja. Tazama mkono ule. Kijana hanusi ua wala hampi mtu. Amelishika mbele ya kifua kwa vidole vya uangalifu, kama mtu aliyepewa kitu cha thamani akaambiwa angoje. Suti na kalamu vinasema: mimi ni mtu wa ofisi, mjini nimefika. Ua linasema jambo jingine kabisa, jambo ambalo ofisi hailihitaji. Picha nzima inaishi katikati ya hayo mawili. Keïta mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu, maana filamu ilikuwa ghali. Kwa hiyo ua lile halikubahatishwa. Mtu alilichagua, mtu akangoja vidole vikae, ndipo akabonyeza.

Kuna jambo la pili kwenye studio ile. Keïta alikuwa na vitu vya kuwapa wateja wavishike: redio, saa, hata gari na pikipiki ya Vespa ya kusimama kando yake. Mteja alikuja amevaa vizuri, akaondoka na picha inayosema yeye ni mtu wa redio. Na studio zetu za pwani zilifanya vivyo hivyo. Waulize wazazi wako ile simu ya mezani kwenye picha yao ya uchumba ilikuwa imeunganishwa wapi. Heshima ya kuazima ilikuwa mbele ya lensi, mpiga picha amesimama nyuma, kajifunika kitambaa, kazi yake ni kuona. Kilichotokea katika zama zetu ni kwamba redio imehama. Imetoka mkononi mwa mteja, imepita upande wa pili wa lensi, imekaa shingoni mwa mpiga picha. Yeye ndiye anayepozi sasa. Na kama mpiga picha anapozi, nani anayetazama?

Nimetumia aya mbili tu na sikuitaja kamera iliyopiga picha ile ya ua. Je, umeikosa? Vivyo hivyo hakuna anayesoma Shaaban Robert akauliza aliandika kwa kalamu ya kampuni gani. Hatumuulizi kwa sababu tuna namna za kuongea juu ya maandishi: tuna mizani na vina, tuna wahusika, tuna walimu waliotuchosha nazo hadi zikatuingia. Kwenye picha hatuna. Tuna "kali", tuna "bomba", tuna "noma sana", halafu tunakimbilia jina la kamera kwa sababu maneno yametuishia. Mpiga picha akipewa "noma sana" kwa picha nzuri na "noma sana" kwa picha mbovu, atajuaje amekua? Atajipima kwa kile kinachopimika: bei ya bodi.

Kwa hiyo neno langu la mwisho si kwa wapiga picha. Wao wanaishi kwenye soko walilolikuta, na yule wa Temeke ana kodi ya nyumba. Neno langu ni kwa ninyi mnaosoma gazeti hili mkitaka kuandika. Mnaniuliza kila mara mwandike nini, hadithi fupi zimejaa, mashairi yamejaa. Haya, kazi hii hapa, haina foleni. Mtafute kijana mmoja wa mtaani kwenu mwenye kamera, keti naye, chagueni picha moja, na uiandikie kurasa mbili. Mwanga umetoka upande gani? Nani kakatwa na ukingo wa picha, na kwa nini aliachwa nje? Kwa nini alibonyeza wakati ule na si nusu dakika baadaye? Andika mpaka mama wa bwana harusi akisoma aone ule mkono wake shavuni uliwekwa pale na mtu, si na mashine.

Ukimaliza, ukibaki na nafasi chini ya ukurasa, taja na kamera. Kwa herufi ndogo.